Waliovaa Joho la Doctor Strange

Kurasa tano tu. Hizo ndizo alizopewa Steve Ditko mwishoni mwa toleo la 110 la Strange Tales, jarida la katuni la Marvel lenye tarehe ya Julai 1963 kwenye jalada. Nafasi ya mbele ilikuwa ya Human Torch, kijana anayewaka moto, maana ndiye aliyetegemewa kuuza nakala. Huko nyuma, hadithi kubwa ikishakwisha, msomaji alimkuta mtu aliyekosa usingizi kwa sababu ya ndoto mbaya akienda kubisha hodi kwa daktari mmoja wa ajabu mjini New York. Daktari hakumwandikia dawa. Aliketi, akaiacha nafsi yake itoke mwilini, akaingia ndani ya ndoto ya mgonjwa ili ajionee mwenyewe kilichokuwa kikimsumbua.

Huyo ndiye Doctor Strange. Stan Lee, mhariri wa Marvel aliyeshirikiana na Ditko, alikiri mwaka huohuo katika barua kwa shabiki mmoja kwamba wazo lilikuwa la Ditko. Wasomaji walitaka zaidi, na katika toleo la 115 wakasimuliwa alikotoka. Stephen Strange alikuwa daktari bingwa wa upasuaji, hodari kwelikweli, lakini mwenye kiburi na mpenda fedha, asiyetaka kumgusa mgonjwa asiye na kitu. Ajali ya gari ikaziharibu neva za mikono yake. Mikono ikawa inatetemeka, kazi ikaisha, na bwana aliyezoea kuringa akabaki akizurura kama mtu asiye na kwao. Akasikia habari za mzee mmoja kwenye milima ya Himalaya anayeponya yaliyowashinda wengine. Akaenda kutafuta tiba ya vidole, akapata elimu ya sihiri.

Anayetaka kuelewa kwa nini shujaa huyu alichelewa mno kufika kwenye sinema, na kwa nini waigizaji waliompokea walifaulu au walishindwa, na aanzie kwenye mikono hiyo. Ditko alikuwa na mapenzi makubwa na vidole. Ukizitazama kurasa zake utaona kidole cha shahada na kidole kidogo vimenyooka, viwili vya katikati vimekunjwa, na kiganja kinasema mengi kuliko uso. Ni Ditko huyohuyo aliyemchora Spider-Man, na ishara ya kurusha utando inafanana na hiyo. Lakini Spider-Man ana misuli na kasi. Strange hana. Silaha yake yote ni mikono ile iliyovunjika, na kila anapotaka kujiokoa lazima aiinue mbele ya macho yetu.

Halafu kuna malimwengu. Ditko alichora njia zinazoelea hewani zisizoanzia popote, milango iliyosimama peke yake bila nyumba, midomo mikubwa inayofunguka katikati ya anga, na Dormammu, mtawala wa ulimwengu wa giza, ambaye kichwa chake ni ndimi za moto. Vijana wa vyuo vikuu vya Marekani wa miaka ya 1960 walizipenda kurasa hizo kuliko mwenyewe alivyotarajia. Mwaka 1968 bendi ya Uingereza ya Pink Floyd ilitumia picha ya Doctor Strange katika jalada la albamu yao A Saucerful of Secrets. Kufikia wakati huo Ditko alikuwa ameshaondoka Marvel, tangu 1966, na aliishi maisha ya kujificha mbali na waandishi wa habari hadi kifo chake mwaka 2018.

Wino hauna gharama ya ziada. Mchoraji akitaka njia ielee hewani, anapiga mstari. Mwenye kamera atalazimika kuijenga, kuiwekea taa, kumsimamisha mwigizaji juu yake, kisha kumshawishi mtazamaji kwamba chini hakuna sakafu. Kwa miaka mingi hakuna studio iliyoweza kufanya hivyo kwa bei inayovumilika.

Jaribio la kwanza la kumvalisha mtu halisi joho la Strange lilirushwa na televisheni ya CBS tarehe 6 Septemba 1978. Zilikuwa siku ambazo CBS iliwapenda mashujaa wa Marvel: Bill Bixby na Lou Ferrigno walikuwa wakigawana nafsi ya Hulk, mmoja akiigiza mtu na mwingine akipakwa rangi ya kijani, na Nicholas Hammond alikuwa akipanda kuta kama Spider-Man. Philip DeGuere aliandika na kuiongoza Dr. Strange kwa matumaini kwamba ikipendwa iwe tamthilia ya kila wiki.

Steringi alikuwa Peter Hooten, kijana wa Florida mwenye nywele za mawimbi na sharubu zilizojaa, aliyekuwa ameonekana mwaka mmoja kabla katika Orca, filamu ya nyangumi mwenye kisasi. Strange wake ni daktari wa magonjwa ya akili. Hana ajali, hana mikono iliyovunjika, wala haendi Himalaya. Mchawi mzee aitwaye Lindmer anamchagua kuwa mrithi, na pete aliyoachiwa na baba yake ndiyo inayomuunganisha na mambo hayo. Ni rahisi kuona walivyofikiri wenye fedha. Daktari anayekaa kitini na kusikiliza wagonjwa hahitaji chumba cha upasuaji, gari la kugonga wala mlima. Lakini walipoiondoa ajali waliondoa na maumivu, na Hooten akabaki na mtu mwema, mpole, mwenye huruma kwa wagonjwa wake, ambaye hana jambo lolote la kupigana nalo ndani ya moyo wake.

Hilo halikuwa kosa lake. Hooten anaigiza kwa utulivu wa kupendeza, na haonyeshi hata mara moja kwamba anaidharau kazi. Waliomzunguka walikuwa wazuri zaidi ya bajeti. Lindmer aliigizwa na John Mills, mzee wa Kiingereza aliyekuwa tayari na tuzo ya Oscar kwa Ryan's Daughter. Clyde Kusatsu, mzaliwa wa Hawaii, alikuwa Wong, msaidizi wa Lindmer. Adui alikuwa Jessica Walter, akiigiza Morgan le Fay, mchawi wa hadithi za kale za Mfalme Arthur, aliyetumwa na pepo kummaliza Lindmer kabla hajamkabidhi mtu madaraka. Walter anaibeba filamu. Kuna dakika ambapo Morgan anaweza kumwangamiza Strange na hafanyi hivyo, kwa sababu amemtamani, na hilo unalisoma machoni mwake kabla hajasema lolote. Wakati Strange anasafiri nje ya mwili wake kumfuata msichana aliyenaswa huko, watengenezaji walikuwa na weusi, moshi na taa za rangi. Uso wa Walter ulifanya kazi ambayo mitambo haikuiweza.

Watazamaji walikuwa kwingine. Wiki hiyohiyo televisheni ya ABC ilikuwa ikirudia Roots, tamthilia ya Kunta Kinte na kizazi chake iliyokuwa imeishika Marekani nzima mwaka mmoja kabla. Hakuna mchawi ambaye angeshindana nayo. Tamthilia ya kila wiki haikutengenezwa, na Hooten hakulivaa tena joho.

Ukaja ukame mrefu. Hati ziliandikwa na kuwekwa kabatini: Bob Gale, mwandishi wa Back to the Future, aliandika moja katika miaka ya 1980, Alex Cox aliandika nyingine pamoja na Stan Lee, kisha Wes Craven, bingwa wa filamu za kutisha, alipewa kazi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Haki zikahama kutoka mkono hadi mkono. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Charles Band, mtengenezaji wa filamu za bei nafuu, ambaye muda wake wa kuzitumia haki hizo ulipokwisha alibadilisha majina na kuendelea na kazi. Filamu ikatoka mwaka 1992 ikiitwa Doctor Mordrid. Jeffrey Combs, aliyejulikana kwa Re-Animator, anaigiza mchawi mpole anayeishi ghorofani New York, mwenye hirizi shingoni na joho la buluu, na anayemfahamu Strange hahitaji kuambiwa ni nani huyo. Pambano la mwisho linafanyika ndani ya makumbusho, ambapo wachawi wawili wanaifufua mifupa ya wanyama wa kale ipigane kwa niaba yao. Mifupa hiyo ilisogezwa kwa mkono, picha baada ya picha. Ni tukio lenye ubunifu mwingi kuliko fedha zilizokuwapo, na linastahili kutazamwa hadi leo.

Katika miaka hiyo Strange aliishi kwa sauti. John Vernon, mwenye besi nzito, alimsemea katika katuni ya Spider-Man mwaka 1996. Mwaka 2007 ikatoka filamu nzima ya katuni kwa ajili ya DVD, Doctor Strange: The Sorcerer Supreme, ikisemewa na Bryce Johnson. Wachache wanaikumbuka, ingawa ilifanya jambo moja la maana: iliirudisha ajali, ikairudisha mikono, na ikamfanya Wong kuwa mpiganaji badala ya mtumishi wa kuleta chai.

Hatimaye Marvel, ikiwa sasa na studio yake yenyewe na Iron Man na Avengers wakiwa wameijaza mifuko, iliamua kumwamini mwongozaji Scott Derrickson, mtu aliyetoka kwenye filamu za kutisha kama The Exorcism of Emily Rose na Sinister. Ikabaki kumpata mwigizaji. Mazungumzo na Joaquin Phoenix yalifika mbali, yakavunjika. Benedict Cumberbatch alitakiwa tangu mapema, lakini alikuwa amejifunga kuigiza Hamlet kwenye jukwaa la Barbican, London, kuanzia Agosti hadi Oktoba 2015, na filamu ilikuwa imepangiwa Julai 2016. Marvel haikuwa kampuni iliyopenda kusogeza tarehe. Safari hii ilisogeza: ikaipeleka filamu Novemba ili imngoje. Jina lake likatangazwa Desemba 2014.

Cumberbatch alizaliwa London mwaka 1976, mtoto wa waigizaji wawili, Timothy Carlton na Wanda Ventham. Dunia ilimjua kupitia Sherlock ya BBC, kuanzia 2010, na mwaka 2015 aliteuliwa kuwania Oscar kwa kumwigiza Alan Turing katika The Imitation Game. Alikuwa ameshazoea kuigiza watu wenye akili kali na ulimi mkali, na wapo waliosema Strange atakuwa Sherlock aliyevaa joho. Jambo ambalo halikusemwa sana ni kwamba katika ujana wake, kabla ya chuo kikuu, aliwahi kufundisha Kiingereza kwenye nyumba ya watawa wa Kitibeti huko Darjeeling, India. Mtu anayepanda milima kutafuta mwalimu hakuwa mgeni kwake kabisa.

Upigaji picha ulianza Nepal, Novemba 2015. Mwezi Aprili mwaka huo tetemeko la ardhi lilikuwa limewaua karibu watu 9,000 nchini humo na kuyaangusha mahekalu ya karne nyingi, na bado watengenezaji hawakuihamishia kazi nchi nyingine. Cumberbatch, na ndevu zake ndefu na mavazi yaliyochakaa, alipita katikati ya watu halisi wa Kathmandu na Patan, kando ya hekalu la Pashupatinath, akiulizia mahali panapoitwa Kamar-Taj. Katuni ilimpeleka mwalimu Tibet; filamu ikamweka Nepal, na mitaa ile yenye majeraha ikaupa mwanzo wa safari uzito ambao hakuna studio ingeutengeneza.

Sasa turudi kwenye mikono. Katika filamu ya 2016 tunamwona Strange kwanza akiosha mikono kabla ya upasuaji, halafu akiitoa risasi kichwani mwa mgonjwa kwa vidole visivyotikisika hata kidogo, huku amemwambia daktari mwenzake aifunike saa yake. Baadaye anazinduka kitandani na vidole vimepigiliwa vyuma. Cumberbatch anavitazama kama mtu anayetazama maiti ya ndugu. Anapojaribu kunyoa ndevu mbele ya kioo, wembe hautulii. Anapojaribu kuandika jina lake, kalamu inakimbia. Matukio haya ni mafupi, na hakuna kompyuta iliyohitajika, lakini ndiyo yaliyokosekana mwaka 1978. Kuanzia hapo kila anapoinua mikono kufanya sihiri, mtazamaji anajua inamgharimu nini.

Kwa ishara zenyewe watengenezaji walimleta Julian Daniels, mchezaji dansi anayejulikana kwa jina la JayFunk, bingwa wa dansi ya vidole iliyozaliwa mitaani Marekani. Yeye ndiye aliyewafundisha waigizaji kukunja na kufungua vidole kwa mpangilio, ili zile duara za moto zilizoongezwa baadaye na kompyuta zionekane zimetoka kwenye mwendo wa kweli wa mwili. Uamuzi huo ulikuwa na akili. Vidole vya Ditko vilikuwa vimetulia kwenye karatasi. Kwenye sinema vilihitaji ngoma yake.

Kompyuta nayo sasa ilikuwa imeiva. Chini ya usimamizi wa Stephane Ceretti, mafundi waliikunja New York: majengo yanageuka, barabara inakuwa ukuta, ukuta unakuwa paa, na watu wanakimbia juu ya kitu ambacho sekunde iliyopita kilikuwa dirisha. Wengine waliilinganisha na Inception ya 2010, na kufanana kupo, ila ukiweka ukurasa wa Ditko kando unaona deni halisi liko wapi. Kazi hiyo iliteuliwa kuwania Oscar ya athari za picha, ikashindwa na The Jungle Book.

Tukio bora kuliko yote, kwa maoni ya mwandishi huyu, halina mapigano. Hong Kong imeharibiwa, na Strange anapaa kwenda kukutana na Dormammu. Hana nguvu za kumshinda. Anachofanya ni kuufunga muda uzunguke, kisha anatua mbele ya lile dude na kumwambia amekuja kufanya mapatano. Dormammu anamuua. Muda unarudi, Strange anatua tena, anasema yaleyale. Anachomwa, anapondwa, anachomwa tena, na kila mara anarudi pale pale na maneno yaleyale, mpaka mwenye nguvu ndiye anayechoka na kuomba aachiwe. Cumberbatch aliigiza pande zote mbili: mienendo ya uso wake na sauti yake vilitumika kumtengeneza Dormammu pia. Hivyo daktari aliyeshindwa kuvumilia kushindwa anakubali kushindwa milele, mbele ya sura yake mwenyewe iliyotanda anga zima. Filamu za mashujaa huishia kwa jiji kuangushwa. Hii iliishia kwa jiji kurudishwa, tofali juu ya tofali.

Filamu iligharimu takriban dola milioni 165 na ikaingiza karibu dola milioni 677 duniani.

Haikupita bila ugomvi, na ugomvi ulikuwa wa haki. Mwalimu wa Strange, Ancient One, katika katuni ni mzee wa Kiasia. Filamu ilimpa nafasi hiyo Tilda Swinton, mwanamke wa Uingereza, na kumfanya Mkelti. Derrickson alisema alitaka kuikwepa sura iliyochakaa ya mzee wa Kichina mwenye ndevu na mafumbo. Waigizaji wa Marekani wenye asili ya Asia walijibu kwamba dawa ya sura mbovu ni kuiandika vizuri zaidi, na kwamba kumwondoa Mwasia kabisa ni kumnyima kazi mara ya pili. Mwaka 2021 Kevin Feige, mkuu wa Marvel Studios, alikubali hadharani kwamba walipaswa kufikiria zaidi. Swinton mwenyewe aliigiza kwa umahiri usiopingika. Ile dakika Ancient One anapokufa, nafsi yake ikiwa imesimama na Strange kwenye roshani ya hospitali huku umeme wa radi ukitambaa polepole na theluji ikishuka, ni kati ya vifo vilivyoandikwa vizuri katika filamu za aina hii. Mambo yote mawili ni kweli, na mtazamaji mwadilifu hana budi kuyabeba yote.

Kwa Wong mambo yalikwenda vizuri. Katika katuni za zamani Wong ni mtumishi: anafungua mlango, anabeba sinia. Benedict Wong, mwigizaji wa Uingereza aliyezaliwa Eccles karibu na Manchester kwa wazazi kutoka Hong Kong, alipewa mtu mwingine kabisa, mlinzi wa maktaba ya Kamar-Taj, mkali, asiyecheka ovyo, anayejua vitabu kuliko Strange atakavyovijua. Umma ulimpenda. Akaendelea kuonekana katika Shang-Chi na katika tamthilia ya She-Hulk, na tulipofika Spider-Man: No Way Home mwaka 2021 tukaelezwa kwamba yeye ndiye Mchawi Mkuu wa dunia, kwa sababu Strange alikuwa ametoweka kwa miaka mitano na kazi haikuweza kumsubiri. Tangu siku hiyo Strange anapaswa kumpa heshima ya cheo, na ucheshi wao wote wawili unatokana na jinsi anavyojikaza kuitoa.

Mordo ni habari ndefu zaidi. Ditko alimchora kama baroni wa Ulaya, mwovu tangu ukurasa wa kwanza, mwanafunzi anayemwekea mwalimu wake sumu. Derrickson alimpa nafasi hiyo Chiwetel Ejiofor, aliyezaliwa London mwaka 1977 kwa wazazi wa Kinigeria, na akauondoa uovu. Mordo huyu ni mtu wa kanuni. Ndiye anayemwokoa Strange na vibaka katika vichochoro vya Kathmandu, ndiye anayemwombea nafasi kwa mwalimu, na anaamini kwa moyo wote kwamba sheria za maumbile hazichezewi. Anapogundua kwamba mwalimu wake mwenyewe amekuwa akijirefushia maisha kwa nguvu za ulimwengu wa giza, kitu kinakatika ndani yake, na Ejiofor anakionyesha bila kupaza sauti. Anageuka tu na kuondoka.

Waigizaji hawa hawakukutana kwa mara ya kwanza hapo. Mwaka 2002 Ejiofor na Benedict Wong walicheza pamoja katika Dirty Pretty Things, filamu ya Stephen Frears kuhusu wahamiaji wa London, Ejiofor akiwa daktari wa Kinigeria anayefanya kazi usiku hotelini. Wakakutana tena mwaka 2015 katika The Martian. Na mwaka 2013, katika 12 Years a Slave, Ejiofor alikuwa Solomon Northup, mtu huru aliyeuzwa utumwani, na Cumberbatch alikuwa William Ford, bwana wa kwanza aliyemnunua. Hiyo ndiyo filamu iliyompa Lupita Nyong'o wa Kenya tuzo yake ya Oscar. Anayeitazama kabla ya Doctor Strange ataona kitu cha ziada kwenye maongezi ya Strange na Mordo: watu wawili waliokwisha kufikishana mahali pagumu, wanaoaminiana kazini hata wanapoigiza kutoaminiana.

Baada ya filamu yake mwenyewe, Strange alitumika kwa wengine, na alitumika vizuri. Katika Avengers: Infinity War ya 2018 anaketi hewani na kutazama siku zijazo 14,000,605, kisha anasema wanashinda katika moja tu. Cumberbatch anarudi kutoka kwenye maono hayo akihema, jasho linamtoka, na kwa sekunde chache mtu mwenye majibu yote anaonekana ameogopa. Baadaye, kwenye Endgame, anainua kidole kimoja tu kumwonyesha Tony Stark, yaani Iron Man, kwamba hiyo ndiyo ile moja. Ni kidole kilekile kinachotetemeka, na ndicho kinachompeleka Stark kwenye kifo chake.

Katuni nayo haikumsahau. Kipindi cha nne cha What If...?, mwaka 2021, kinauliza ingekuwaje kama ajali isingemchukulia mikono bali mpenzi wake, Christine. Cumberbatch mwenyewe ndiye anayemsemea Strange anayerudisha muda mara kwa mara kumwokoa Christine, akishindwa kila mara, mpaka anaivunja dunia yote na kubaki peke yake ndani ya povu dogo la kioo. Kwa nusu saa tu, kazi hiyo inamwelewa mtu huyu kuliko filamu nyingi.

Derrickson alijitoa kwenye filamu ya pili Januari 2020, baada ya kutokubaliana na studio. Aliyechukua nafasi yake alikuwa Sam Raimi, baba wa The Evil Dead na wa filamu tatu za kwanza za Spider-Man. Katika Spider-Man 2 ya 2004 Raimi alimfanya mhariri wa gazeti alisifu jina la Doctor Strange alilopendekezewa, kisha alikatae kwa kuwa lina mwenyewe. Miaka 16 baadaye akakabidhiwa mwenyewe huyo.

Doctor Strange in the Multiverse of Madness, ya Mei 2022, iliingiza zaidi ya dola milioni 950. Hadithi yake inakimbia kupita kiasi, na Scarlet Witch wa Elizabeth Olsen anamfunika steringi katika nusu ya matukio. Lakini ilimpa Cumberbatch kazi ambayo wachache hupewa: kuwa Strange kadhaa. Yupo mwenye nywele zilizofungwa nyuma anayekufa dakika za mwanzo, yupo mwovu mwenye jicho la tatu katika nyumba iliyoporomoka, na ipo maiti iliyooza nusu ya uso inayofufuliwa na kuvalishwa joho la roho za wafu. Huyo mwenye jicho la tatu na Strange wetu wanapigana kwa noti za muziki. Strange anazing'oa kwenye karatasi zilizokuwa juu ya piano, zinageuka silaha, na kila zinapogongana tunasikia ala. Danny Elfman aliutunga muziki ili upigane pamoja nao. Raimi hapo alifanya ambacho Ditko angekifanya kama kurasa zingekuwa na sauti.

Kilichoachwa nyuma katika filamu hiyo ni Mordo. Mwishoni mwa ile ya 2016, baada ya majina ya waigizaji kupita, Ejiofor alimfuata mtu aliyetumia sihiri kuponya uti wake wa mgongo, akamnyang'anya uwezo wa kutembea, na kutangaza kwamba ulimwengu una wachawi wengi mno. Ilikuwa ahadi ya adui mwenye hoja, rafiki wa zamani ambaye hakosei kabisa. Mwaka 2022 Ejiofor alirudi, lakini kama Mordo wa ulimwengu mwingine, mwenye nywele ndefu na cheo katika baraza la Illuminati, aliyepigana na Strange kwa dakika chache na kubaki shimoni. Yule wa kwanza, wa Kathmandu, hakuonekana. Katika dakika za mwisho akaingizwa mtu mpya, Charlize Theron akiwa Clea, aliyeupasua mlango wa hewa na kumtaka Strange amfuate. Wanaopanga filamu ya tatu wana Ejiofor, mwigizaji aliyewahi kuteuliwa kuwania Oscar, mwenye kisa kilichoanza vizuri na hakijamaliziwa, naye hahitaji malimwengu mengine ili kumfikia Strange. Wampe hati.